Sahani ya Mtoto Iko Wapi?



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mishahara, saa za ziada, na waajiri wanaochelewesha malipo. Leo tunataka kuzungumza juu ya sahani. Wapo watakaocheka, na wacheke, maana hata sisi tulicheka siku jambo hili lilipoletwa mbele yetu mara ya kwanza. Lakini tulipokwisha kucheka tulikwenda kutazama, na tuliyoyaona ndiyo tunayoyaandika hapa.

Ilikuwa siku ya soko pale Mpondwe. Tulikuwa tumetoka kuonana na wenzetu wa kiwanda cha pamba, jua limesimama kichwani, tukaingia katika hoteli moja ya Bwera ili tule. Tunaposema hoteli, ndugu msomaji, tunasema kama tunavyosema sote huku kwetu: mahali pa benchi, meza na sufuria, si mahali pa kulala. Mara akaingia mwenzetu mmoja, mpakiaji wa magunia, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Mkubwa alikuwa na miaka mitatu hivi. Mdogo alikuwa mgongoni, miezi kama kumi. Walikuwa wametoka hospitali, ambako walipanga foleni tangu asubuhi. Kijana anayegawa chakula akauliza, "Mko wangapi, mzee?" Mwenzetu akajibu, "Wawili."

Ndugu zetu, walikuwa wanne. Tuliwahesabu.

Zikaja sahani mbili za ugali wa muhogo na maharage, na kipande cha samaki juu ya kila moja. Meza ilikuwa ya watu wazima na benchi ni la watu wazima, kwa hiyo kidevu cha yule mtoto wa miaka mitatu kikawa sawasawa na ukingo wa meza, haoni kilichomo sahanini ila akisimama juu ya benchi. Aliposimama, mwenye hoteli akamwambia akae chini asichafue mahali pa watu. Mama alimpakata yule mdogo, akawa anaponda maharage kwa vidole vyake na kuyapuliza kwa mdomo. Mchuzi ulikuwa umepikwa pamoja na pilipili. Mtoto alipoonja akalia, akanyamazishwa kwa chai ya rangi iliyomiminwa katika kisahani. Mkubwa alipewa ugali mtupu, kwa sababu samaki alikuwa na miiba midogo midogo na hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kuitoa. Kilio kilipozidi, wateja wakaanza kugeuza vichwa. Yule mama akaona haya, akatoka nje na mtoto, akasimama chini ya upenu karibu na magunia ya mkaa mpaka mumewe alipomaliza. Aliporudi maharage yalikuwa yamepoa, na nafasi yake kwenye benchi ilikwisha kukaliwa na mchukuzi.

Mumewe alimaliza sahani yake. Nasi tukamaliza zetu. Hakuna hata mmoja wetu sisi watu wa chama, tunaosimama mbele za watu kusema juu ya haki, aliyesogea na kumwambia, "Mama, tupe mtoto tumshike, nawe ule."

Tangu siku ile tumekuwa tukitazama kila tunapopita, kwenye vituo vya magari Kasese, kwenye vibanda vya samaki Katunguru, Katwe kwenye chumvi, na kando ya barabara ya Bwera. Hoteli zinatofautiana kwa paa na kwa bei, lakini kwa jambo hili nyingi ni moja. Mtoto mdogo akiingia, hakuna anayemwona kuwa amekuja kula. Ni kama mfuko ambao mama yake ameubeba.

Wapo wanaosema mtoto mdogo hana kazi hotelini, mahali pake pa kula ni nyumbani. Neno hili lilikuwa na maana wakati mama alikuwa katika shamba lake mwenyewe na moto wa jikoni hauko mbali. Leo mama anayechambua pamba, anayekusanya chumvi Katwe, anayevusha mizigo kwenda Kasindi, anaondoka nyumbani kabla ya kupambazuka, na kama hana wa kumwachia mtoto anaondoka naye. Siku ya kliniki anakaa kliniki mpaka saa nane. Siku ya safari anakaa stendi akingoja gari lijae, na sote tunajua magari yetu yanavyojaa. Katika siku kama hizo hoteli ndiyo nyumbani. Kumwambia mama huyo kwamba mtoto ale nyumbani ni kumwambia mtoto asile.

Sasa twende Mweya kidogo, maana huko tulijifunza jambo. Mweya, kama wajuavyo wengi wenu, ni ile rasi iliyo ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, karibu na mahali ambapo mfereji wa Kazinga unakutana na Ziwa Edward. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1952, na kwa miaka mingi watu wa wilaya yetu wamepata kazi katika mahoteli ya watalii kule na kandokando yake. Ni wapishi, wagawaji wa chakula, wafuaji, madereva na watunza bustani. Wengi wao ni wenzetu, na tunapokwenda kuwaona hatukai ukumbini pamoja na wageni, tunakaa nyuma, kwenye nyumba za wafanyakazi.

Huko nyuma tulizungumza na dada mmoja ambaye kazi yake ni kugawa chakula katika hoteli ya watalii ya sehemu zetu. Tulimwuliza mtoto wa mgeni anakulaje. Akatueleza bila kufikiri, kama mtu anayeeleza kazi ya kila siku. Mtoto akifika analetewa kiti chake kirefu chenye kizuizi mbele ili asianguke. Mpishi anatuma mtu kuuliza anakula nini na hali nini. Chakula chake kinatoka mapema kuliko cha wazazi, kwa sababu mtoto mwenye njaa hajui kungoja. Hakitiwi pilipili, na chumvi ni kidogo. Kama ni samaki, miiba inatolewa jikoni kabla ya sahani kufika mezani. Sahani ni ndogo, na bei ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Mtoto akimwaga, panafutwa, hakuna anayesema neno.

Tukamwuliza, "Na wa kwako, dada, muda huu anakula nini?" Akakaa kimya kidogo. Mtoto wake alikuwa kwa jirani, upande wa Katunguru. Akasema, "Anakula kile jirani amepika, saa ile jirani anapika."

Hatusemi haya kwa kijicho. Mtoto wa mgeni ni mtoto, na kutunzwa vile ni haki yake. Tunayasema kwa sababu moja tu. Watu wengi wakizungumza juu ya jambo hili husema hoteli zetu hazijui, kana kwamba kumlisha mtoto ni elimu ya Ulaya ambayo bado haijafika Kasese. Si kweli. Elimu hiyo iko mikononi mwa wenzetu wenyewe. Dada yule anatoa miiba kila siku ya Mungu. Mpishi wa pale ni mtu wa kwetu, anajua kutenga mchuzi kabla ya kutia pilipili, na Jumapili akiwa likizo anakula Bwera kwenye benchi lile lile tulilokalia sisi.

Tukiwa bado Mweya tuseme habari ya nguchiro, maana ni habari ya kweli na imetuchekesha. Pale Mweya wapo nguchiro wenye mistari mgongoni, wanatembea kwa makundi kati ya nyumba za watu, na wataalamu wamekuwa wakiwachunguza tangu miaka ya 1990. Wameona kwamba watoto wa nguchiro wakitoka shimoni, wengi wao wanashikamana kila mmoja na mkubwa mmoja wa kundi, ambaye mara nyingi si mama yake wala si baba yake. Mkubwa huyo ndiye anayemtafutia wadudu na kumlisha mpaka aweze kujitafutia. Tulipomweleza mzee mmoja wa chama habari hii alisema, "Basi nguchiro wana chama kuliko sisi."

Turudi kwenye sahani. Pengine baadhi ya wasomaji wanasema, mtoto akikosa mlo mmoja hotelini kuna nini, atakula jioni. Hapa lazima tuzungumze kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, na kuanzia hapo apewe chakula pamoja na maziwa: mara 2 au 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kisha mara 3 au 4 mpaka atimize miaka 2. Sababu ni nyepesi kueleweka. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mara moja kama letu. Mpakiaji wa magunia anaweza kukaa mpaka jioni kisha akala kwa ajili ya mchana na usiku pamoja. Mtoto wa miezi kumi hawezi. Mlo aliokosa mchana hana mahali pa kuuweka usiku.

Na akila, anachokula kina maana. Ugali wa muhogo unashibisha, sisi tumekulia huo na hatuutukani, lakini peke yake haumjengi mtoto mwili. Anahitaji maharage yaliyopondwa, samaki, yai, mchuzi wa karanga, sombe, na dagaa waliosagwa na kutiwa katika uji. Vitu hivi vyote viko sokoni Mpondwe, magunia ya dagaa yanapita mbele ya macho yetu kwenda Kongo. Chai tunayomnyamazishia mtoto haina chakula ndani yake, na zaidi ya hayo chai ikinywewa pamoja na mlo inazuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Karanga nzima si za kumpa mtoto mdogo, zinaweza kumkaba. Maji yake lazima yawe yamechemshwa, na wilaya yetu, ambayo kipindupindu kimeitembelea zaidi ya mara moja, haihitaji kukumbushwa hilo.

Uchunguzi wa taifa juu ya afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka 5, watoto 29 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe kwa muda mrefu. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 26. Mwaka ule wa 2016 upande wa Tooro, ambako Kasese inahesabiwa, hali ilikuwa mbaya kuliko wastani wa nchi, nasi tunaishi kwenye udongo unaotoa kahawa, pamba, ndizi na maharage, kando ya maziwa yenye samaki. Hatusemi hoteli ndizo zinazodumaza watoto, ingekuwa uongo. Tunasema mtoto wa mfanyakazi anakula nje ya nyumba mara nyingi kuliko wakubwa wanavyodhani, na milo hiyo haihesabiwi na mtu.

Sasa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu ni rahisi kupata adui wa uongo. Mwenye hoteli ya Bwera si bepari. Wengi ni akina mama kama yule tuliyemwona akisimama upenuni. Anaamka saa kumi za usiku, analipa pango, analipa ushuru wa soko, bei ya mkaa inapanda bila kumwuliza, na benchi lake lina nafasi ya watu sita. Mtoto mmoja akikaa nusu saa juu ya benchi bila kununua kitu, nafasi ya mteja imepotea. Anapogomba, hasira yake inatoka kwenye hesabu, na hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Tuseme sahani ya mtu mzima ni shilingi 5,000. Yule mwenzetu na familia yake walinunua sahani mbili, mwenye hoteli akapata 10,000, na watu wanne wakakaa. Kama pangekuwa na sahani ndogo ya shilingi 1,500, yenye upawa mmoja wa maharage yasiyo na pilipili, ugali kidogo na samaki aliyetolewa miiba, baba yule angenunua moja kwa ajili ya watoto wote wawili. Tulimwuliza baadaye, akasema angenunua, ila hakujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kuagizwa. Mwenye hoteli angepata 11,500 badala ya 10,000, watoto wangekula upesi, kilio kisingekuwapo, na benchi lingeachwa mapema.

Mama mmoja mwenye hoteli tulipompelekea hesabu hii aliisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akatujibu jibu ambalo hatukulitazamia. "Nikiweka sahani ya mtoto," akasema, "wachukuzi wote watakuwa watoto." Tulicheka sana, lakini alikuwa na haki. Tunawajua wenzetu, na siku ya kabla ya mshahara hata sisi tungeweza kuwa watoto. Mwishowe tulikubaliana naye kwamba sahani hiyo itolewe tu pale mtoto mwenyewe yupo na anaonekana kwa macho, na itolewe katika kibakuli kidogo ambacho mwanamume mzima ataona haya kukishika mbele ya wenzake. Amesema atajaribu. Tutapita kuona.

Na si kwamba tunaota. Mjini Kasese tulimkuta bibi mmoja ambaye anafanya hivyo tangu zamani bila chama wala semina. Anapakua maharage ya watoto kwanza, anayafunika kando, ndipo anatia pilipili katika sufuria kubwa. Ana chupa ya uji wa ulezi inayokaa na moto mpaka saa tisa. Pembeni ana vigoda viwili vya chini na mkeka, mtoto anakaa huko na bakuli lake, haanguki popote kwa sababu hakuna pa kuangukia. Mama akitaka kunyonyesha, kuna khanga imefungwa kwenye kona. Tulimwuliza gharama ya mambo hayo yote. Akasema vigoda alitengenezewa na mwanawe kwa mbao za masanduku. Hoteli yake ilijaa akina mama, nao waume zao wakawa wanawafuata.

Wakituambia kwamba hoteli haziwezi kubadilika, tunawakumbusha mwaka 2019. Mwezi wa Juni mwaka ule Ebola iliyokuwa ikiua watu upande wa Kongo ilivuka mpaka ikafika kwetu, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mtoto wa miaka 5, aliyefariki hapa hapa Bwera. Hakuna aliyengoja semina. Kwa muda mfupi ndoo zenye bomba zilisimama milangoni, sabuni ikapatikana, na mtu hakuingia kula bila kunawa. Mwaka uliofuata ikaja Korona, ndoo zikaongezwa. Ikiwa ndoo iliwezekana, kibakuli kinashindikanaje? Ila hata katika ndoo zile tuliona jambo: bomba lilikuwa juu, kifuani pa mtu mzima, na mtoto alinawishwa kwa kunyanyuliwa kwapani kama kuku. Jiwe moja la kukanyagia lingetosha.

Hapa tumefika mahali pagumu, nasi hatutaki kupita pembeni. Tumewasema wenye hoteli. Sasa tujiseme wenyewe.

Mkutano wetu mmoja wa wajumbe ulikuwa wa siku nzima. Chakula cha mchana kilihesabiwa kwa wajumbe: jina moja, sahani moja. Alikuwapo mjumbe mmoja mwanamke, kutoka idara ya kufunga mizigo, mwenye mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache. Tulimsifu mbele ya wote kwa kuja na mtoto, tukapiga makofi. Saa saba chakula kilipogawiwa alipewa sahani moja, wali na nyama ngumu ya kutafuna, mchuzi wa moto. Mtoto hakuweza kula nyama ile. Mama alizunguka akitafuta uji, hakuna. Akaomba maziwa, akaambiwa maziwa ni ya chai ya saa kumi. Saa nane na nusu mtoto alikuwa analia hata msemaji hasikiki, na mwenzetu mmoja, hatutamtaja, akasema kwa sauti, "Mama, mpeleke nje huyo, tunafanya kazi hapa." Akatoka. Akapanda pikipiki akaenda kwake.

Kura juu ya mapendekezo ya mkataba wa pamoja ilipigwa saa tisa. Katika mapendekezo yale kilikuwamo kifungu kimoja cha mama anayenyonyesha: apewe muda katika siku ya kazi wa kumlisha mtoto, na kantini iweke uji. Aliyekileta kifungu kile ni yeye. Kilipofikiwa, mwenyekiti akauliza nani atakieleza. Watu wakatazamana. Kikaahirishwa mpaka mkutano mwingine, na mkataba ukaenda kwa mwajiri bila hicho.

Kwa hiyo mtu asituambie sahani ya mtoto ni jambo dogo. Sahani moja iliyokosekana ilituondolea mjumbe, na kifungu kikaondoka naye. Aliyelipa ni kila mwanamke wa idara ile mwenye mtoto mchanga, na ataendelea kulipa mpaka mkataba utakapofunguliwa tena.

Tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo. Kwa wiki ya siku 6 hizo ni wiki 10. Hata akizitumia zote baada ya kujifungua, anarudi kazini mtoto ana miezi miwili na kidogo, wakati madaktari wanasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Majirani zetu wa Tanzania, katika sheria yao ya mwaka 2004, wamemruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili katika siku ya kazi kwa ajili hiyo. Kenya, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, wamemtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Hatusemi sheria hizo zinafuatwa kila mahali, tunajua shamba ni shamba. Tunasema mfanyakazi wa kule ana karatasi ya kumwonyesha msimamizi. Sisi karatasi yetu tungeiandika wenyewe saa tisa ile, tukamtoa nje aliyeishika kalamu.

Wapo wanachama wanaume wanaotuambia kwamba haya ni mambo ya wanawake, yapelekwe kamati ya akina mama. Tunawauliza swali moja tu: pale Bwera, fedha za chakula zilitoka mfukoni mwa nani, na ni nani aliyejibu "wawili"? Baba ndiye aliyeagiza. Siku baba atakapojibu "wanne, wawili wadogo, msitie pilipili", mwenye hoteli atatafuta kibakuli kesho yake, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayeziba sikio mteja mwenye fedha mkononi akitaja anachotaka.

Tumekubaliana na matawi ya Kasese na Bwera kwamba wawakilishi wa kila tawi wazungumze na hoteli tatu au nne zilizo karibu na lango la kazi yao, kwa adabu, bila kutishia mtu kususiwa, wakiwa na hesabu ile ya 10,000 na 11,500. Wenzetu wapishi na wagawaji wa chakula wa upande wa Mweya wamesema siku zao za mapumziko watakuja kuwaonyesha akina mama wa hoteli namna ya kutenga chakula cha mtoto bila kuongeza mkaa. Kifungu kilichoahirishwa kitarudi mezani kikiwa cha kwanza, asubuhi, kabla watu hawajachoka.

Mkutano ujao wa wajumbe utakuwa Bwera. Makatibu wa matawi wanaotuletea majina ya wajumbe waandike pia watoto watakaokuja nao, na umri wa kila mmoja kwa miezi au kwa miaka, mpaka siku tatu kabla ya mkutano. Mpishi ameshaambiwa atenge maharage kabla ya kutia pilipili, na uji uwe tayari saa nne na saa saba. Vigoda tumeviazima kwa yule bibi wa Kasese, naye anavitaka virudi siku ile ile.